Mtoto kuwa wa bluu akinyonya, akilia anarudi sawa

Pole sana dada. Umesema kichanga wako anakuwa wa bluu akinyonya, akilia rangi inarudi, na picha ya CT (ya kuona ndani ya kichwa) imeonyesha pua zote mbili zimeziba kwa nyuma. Hapo hakuna cha kusubiri akue. Kichanga hutegemea pua kupumua. Akifunga mdomo kunyonya, hewa inakatika. Wangu alizaliwa hivyohivyo.

Usitoke wodini, hata bibi akisema mafua tu. Hadi siku ya upasuaji abaki na kile kipira cha mdomoni cha kupitisha hewa. Wewe kamua maziwa, apewe kwa mpira unaopitia mdomoni hadi tumboni. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hupitia puani kwa kamera nyembamba, usoni hakuna kovu. Kabla ya kusaini uliza: daktari wa usingizi amezoea vichanga? Moyo, macho, masikio na figo vimepimwa? Kasoro hii mara nyingi haiji peke yake.

Kinachochosha ni baadaye, maana tundu la pua lililofunguliwa hupenda kuziba tena na wengine hurudishwa thieta. Matone ya maji ya chumvi na kuvuta makamasi fanya kama watakavyokuelekeza, kliniki usiruke. Akianza kukoroma au kifua kubonyea akipumua, mkimbize hospitali usiku huohuo.