Spraiti za kupakua au za kuchora mwenyewe: anza na zipi?

Anayeanza animesheni ya 2D husikia ushauri wa aina mbili. Mmoja anamwambia achore kila kitu mwenyewe, mwingine anamwambia apakue spraiti za tayari, yaani picha ndogo za wahusika na vitu, asipoteze muda. Sisi tunashauri hivi: mwendo jifunzie kwenye spraiti za watu, halafu mhusika wako mkuu mchore mwenyewe, kwa mpangilio huohuo. Kuchora ni kazi moja na kuupa mchoro uhai ni kazi nyingine. Ukizianza zote siku moja, mhusika akichechemea hutajua kama kosa liko kwenye goti ulilochora au kwenye muda uliozipa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda mwendo. Ukitumia spraiti iliyochorwa na fundi, mchoro tayari ni mzima. Mwendo ukionekana mbovu, jua ni muda.

Pa kuanzia pazuri ni michoro ya Liberated Pixel Cup, mashindano ya mwaka 2012 ambayo kazi zake ziko kwenye tovuti ya OpenGameArt. Shiti ya kawaida ya mhusika mmoja, yaani picha moja iliyopangwa fremu zake zote, ina upana wa pikseli (viboksi vya rangi) 832 na urefu wa 1344, na kila fremu ni 64 kwa 64. Kutembea kuna fremu 9 kwa kila upande: ya kwanza amesimama, 8 zinazofuata ndizo hatua. Kupiga upanga kuna fremu 6. Ifungue kwa Piskel, ambayo ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari, au LibreSprite, nayo ni bure. Aseprite ni ya kulipia. Mwenye simu tu ya Android anaweza kutumia Pixel Studio. Kwenye turubai ndogo unagusa kiboksi kimoja kimoja, kwa hiyo kidole kinatosha.

Chukua zile fremu 8 za kutembea, kila moja uipe milisekunde 100. Mzunguko mzima unachukua sekunde 0.8. Sasa futa fremu moja kila baada ya moja, zibaki 4, kila moja milisekunde 200. Muda wa jumla haujabadilika, lakini utaona mwili umekuwa mgumu, mguu unaruka kutoka mbele hadi nyuma bila kupita katikati. Nenda kwenye upanga. Fremu ya kwanza, ya kujiandaa, iache milisekunde 150. Zile za upanga ukiwa hewani zipe 40 au 50 tu. Ya mwisho ishikilie 200. Pigo lilelile lililokuwa kama la mtu anayefuta meza litakuwa na uzito, na hujachora hata nukta moja. Zoezi hili lirudie mpaka uweze kukisia muda kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza.

Kinachowashinda wengi hapa ni miguu kuteleza. Hesabu yake ni fupi. Tuseme mguu ulio chini unarudi nyuma pikseli 3 kwa kila fremu, na hatua moja ina fremu 4: hiyo ni pikseli 12 kwa hatua, 24 kwa mzunguko wa hatua mbili. Mzunguko ni sekunde 0.8, kwa hiyo mhusika lazima asogee pikseli 30 kwa sekunde. Ukimsogeza 60, anateleza kama yuko kwenye sakafu yenye sabuni. Ukimsogeza 15, anakanyaga palepale. Usibahatishe kasi, ipige hesabu kutoka kwenye mguu.

Spraiti za tayari nazo zina mitego yake. Baadhi ya shiti za Kenney, mtengenezaji wa michoro ya gemu, ambazo tunazipenda sana kwa sababu ni za bure kabisa, zina nafasi ya pikseli 1 kati ya picha na picha. Ukikata kila baada ya pikseli 16 wakati hatua halisi ni 17, picha ya pili inahama kwa pikseli 1, ya tatu kwa 2, na mhusika anaonekana anatambaa pembeni huku kichwa chake kikikatwa. Kabla ya kukata, kuza shiti na uhesabu viboksi kwa macho.

Kukuza kuna sheria yake: mara 2, mara 3, mara 4, kamwe si mara moja na nusu, maana pikseli moja haiwezi kuwa moja na nusu, nyingine zitanenepa, nyingine zitabaki nyembamba. Kwenye programu za kutengenezea gemu, yaani Godot chagua kichujio cha Nearest, Unity chagua Point, la sivyo picha inakuwa na ukungu. Faili liwe PNG. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp kama picha, linageuzwa kuwa JPEG: mandharinyuma yaliyokuwa wazi yanajazwa rangi, na kingo zinapata uchafu wa rangi usiofutika. Mtumie kama dokumenti.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kuchanganya. Shujaa wa pikseli 64 mwenye mstari mweusi wa nje, nyumba ya 16 iliyokuzwa mara 4, mti usio na mstari unaomulikwa kutoka kulia wakati wengine wote wanamulikwa kutoka kushoto. Mtazamaji hajui jina la kosa, lakini haamini tena anachokiona. Chagua chanzo kimoja na ukae nacho.

Kuhusu leseni, soma kabla ya kupakua. CC ni kifupi cha Creative Commons, leseni za kuruhusu wengine watumie kazi yako. CC0 haina masharti. CC BY inataka umtaje mchoraji. CC BY-SA, inayotumika kwenye kazi nyingi za Liberated Pixel Cup, inataka pia kwamba ukiubadilisha mchoro na kuusambaza, uutoe kwa leseni hiyohiyo. Penye NC (si kwa biashara) usiuze. Spraiti zilizochomolewa kutoka kwenye gemu za makampuni ziache kabisa, hata kama ziko wazi mtandaoni. Siku unayopakua, fungua faili la maandishi uandike jina la mchoraji, kiungo, leseni na ulichobadilisha. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

Mpaka hapo spraiti za watu zimekufaa. Zinapoishia ni pale unapotaka kusimulia kitu cha kwenu. Makusanyo mengi yamejaa wapiga upanga, ngome na mazimwi. Sasa chukua mama aliyejitwika ndoo ya lita 20. Kishawishi ni kumpakua mwanamke anayetembea na kumbandika ndoo kichwani. Jaribu, uone. Kwenye mizunguko mingi ya tayari kichwa hushuka na kupanda pikseli 1 au 2 kila hatua, na mikono yote miwili inapunga. Ndoo itadunda, maji yangekuwa yamemwagika zamani. Mama aliyezoea kubeba hatembei hivyo: shingo imenyooka, kichwa kiko kwenye mstari mmoja tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, hatua ni fupi, magoti yanakunjika kidogo na mtikisiko wote unaishia kiunoni. Mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo, mwingine ndio unaopunga. Mwendo huo hauupakui popote. Nenda ukamtazame anayetoka bombani, kisha uchore.

Anza na turubai ya 32 kwa 32 na rangi zisizozidi 6. Kabla ya mtu, chora mpira unaodunda, fremu 6 tu. Kisha mtu wa kawaida asiye na mzigo, mwenye mikao minne: mguso, kisigino kikigusa chini, kushuka, mwili ukiwa chini kwa pikseli 1, kupita, mguu wa nyuma ukivuka ule uliosimama, kupanda, mwili ukiwa juu kwa pikseli 1. Irudie minne hiyo kwa mguu wa pili, upate 8. Mkono na mguu wa upande wa mbali vipe rangi iliyokoza kidogo, maana visipotofautiana jicho linashindwa kujua ni mguu upi umepita. Washa ile alama (onion skin) inayoonyesha fremu iliyotangulia kwa ukungu, na uhesabu unyayo ulio chini unarudi pikseli ngapi. Ukiwa 3, 3, 3, 3 uko sawa. Ukiwa 1, 5, 2, 4 mtu wako atayumba hata sura ikiwa nzuri namna gani.

Kwa pande nne unahitaji fremu 32. Ukigeuza upande wa kulia kupata wa kushoto, unachora 24. Ila angalia: ukigeuza, mkono ulioshika ndoo nao unahama, na ukichora kwa ukubwa wa kuweza kusoma jina la kanga, litasomeka kinyumenyume. Hapo chora upande wa nne mwenyewe.

Ndoo iongeze mwisho, kwenye leya yake (tabaka la mchoro lililo peke yake), miguu ikishatulia.