Leva ya gia inacheza bure: ioshe kabla ya kununua nyingine

SWALI: Fundi, nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, Shimano Sora ya zamani yenye gia nane nyuma, ile ya kitufe cha kidole gumba. Leva ya kulia nikiisukuma kwa ndani inacheza bure, haikamati, cheni inabaki kwenye gia ndogo. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Fundi wa hapa anataka kunifungia shifta (leva za gia) za baiskeli ya milima. Nikubali? (Msomaji, Lanet, Nakuru)

JIBU: Usikubali bado. Leva isiyolia "tik" hata kidogo, mara nyingi grisi yake ya kiwandani imekauka. Ndani mna vijino vyenye springi nyembamba vinavyodaka meno ya gurudumu dogo kila unaposukuma. Grisi ikishageuka gundi, springi hushindwa kurudisha kijino, na leva hupita juu kwa juu. Baridi ya asubuhi ya Nakuru huigandisha zaidi.

Ingekuwa inalia tik lakini cheni haisogei, ningeshuku waya. Hata hivyo pima: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, kisha vuta kwa mkono waya ulio wazi kwenye bomba la chini la fremu. Cheni ikipanda, na ukiachilia ikarudi yenyewe, waya na derela (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) havina shida.

Sasa osha. Toa gurudumu la mbele na ufunike raba za breki, maana dawa ikizifikia breki hazishiki. Bana breki ili nafasi ifunguke nyuma ya leva, ingiza mrija wa WD-40 humo na upulize kwa wingi. Sukuma leva na ubonyeze kitufe mara thelathini hivi, ngoja robo saa, rudia. Mwanzoni kitatoka kioevu cha kahawia. Endelea hadi kitoke safi. Tik zitaanza kurudi moja moja. Zisiporudi, iache ilowe usiku kucha kisha urudie. Petroli hapana, inaharibu raba na plastiki.

Ikikauka, tia matone matatu manne ya mafuta ya cherehani. Wengi huishia kwenye WD-40, kisha vijino hubaki vikavu na vumbi la huku humaliza kazi. Usitie grisi wala oili ya injini. Na usiifungue leva yenyewe: springi zikiruka hutazirudisha, na vipuri vya ndani haviuzwi kimoja kimoja.

Ukiwa hapo, kagua kichwa cha waya. Bonyeza kitufe hadi gia ndogo kabisa, bana breki, kisha sukuma waya kichwa kitokeze. Uzi mmoja ukiwa umekatika, badilisha leo. Ukikatikia ndani, kichwa hukwama na kukitoa ni kazi ya koleo na subira. Waya wa gia ni milimita 1.2, na kava yake ni milimita 4 yenye nyuzi zilizonyooka. Mafundi wengi hukata kava ya breki, ya milimita 5, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Hiyo ni springi: hubonyea waya ukivutwa, na gia hazitulii.

Kurekebisha ni rahisi. Kaza waya cheni ikiwa kwenye gia ndogo, piga tik moja. Cheni ikisita kupanda, zungusha kirekebishi cha derela (kile cha kuzungushwa pale waya unapoingilia) nusu mzunguko kinyume cha saa. Ikiruka gia mbili, geuza upande wa saa.

Kuhusu shifta za milima: za Shimano za gia nane huvuta waya wa nyuma sawasawa na yako, kwa hiyo fundi wako hakubahatisha. Tatizo ni kola, yaani pete inayobana usukani. Ya shifta hizo ni ya milimita 22.2, na usukani wako uliopinda ni milimita 23.8. Kuipiga tupa ili iingie ni kuivunja. Zile shifta ndogo za Shimano A050 zinazokaa karibu na stemu (shingo inayoshika usukani) zinaingia, lakini ni za gia saba, hazitalingana na gia zako.

Kama hata baada ya kulowa haikamati, huenda kijino kimevunjika. Tafuta leva ya kulia ya mtumba, na kabla ya kulipa vuta waya wake kwa mkono huku ukihesabu tik: gia nane ni tik 7. Ukisikia 8, ni ya gia tisa, hata kama kwa sura ni pacha wa yako.