Kura ya simu na shemeji wa mwenyekiti

SWALI: Shikamoo anko. Saccos yetu mwaka huu inataka tuchague bodi kwa simu, unatumiwa meseji yenye namba ya siri, unaingia kwenye linki, unachagua, basi. Wengi wamefurahi maana ofisi iko mbali. Ila kuna shemeji yake mwenyekiti ameshaanza kupitia akina mama, anasema siku ikifika atakuja "kuwasaidia", na wengine simu anashika mume. Kuna namna iwe rahisi hivyohivyo na mtu asilazimishwe? Mama Wawili, Geita

JIBU: Marahaba mama. Watu wakisikia kura za mtandaoni wanawaza wadukuzi tu, kumbe tatizo lipo kwenye kochi hapohapo. Kwenye kituturi unaingia peke yako, ukitoka unamwambia mtu lolote na hana pa kuhakikisha. Sebuleni je?

Walioenda mbali kwenye hili ni Estonia, nchi ya Ulaya, wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na uchaguzi wa bunge wa Machi 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Dawa yao ni kwamba unaruhusiwa kurudia. Mtandao uko wazi siku kadhaa, piga hata mara kumi, inahesabiwa ya mwisho tu, na ukienda kituoni ukapiga ya karatasi ile ya mtandaoni inafutwa. Kwa hiyo shemeji aje, mpigie anayemtaka, mpe na chai, usiku watu wakilala unarudia. Kama alikuhonga, hela yake imeshaenda na hajui alichonunua kama bado kipo, hapo ndo panapomuuma.

Ila haitoshi, maana akikaa na kitambulisho unachopigia kura mpaka muda uishe utarudia na nini? Mwaka huohuo wa 2005 wataalamu Juels, Catalano na Jakobsson walikuja na wazo kwamba uwe na namba ya siri ya kweli na nyingine za uongo. Ukibanwa unaweka ya uongo, mfumo unapokea vizuri tu, baadaye kura hiyo inatupwa kimyakimya. Wazo tamu kweli, mpaka umfikirie bibi wa miaka 70 akikosea tarakimu moja. Mfumo hauwezi kumwambia "umekosea", maana utakuwa unamwambia na aliyesimama nyuma yake, basi bibi analala akijua kapiga kumbe hamna kitu. Kwa Saccos siupendekezi hata kidogo.

Nyie ng'ang'anieni ile ya Estonia. Kwanza hiyo namba ya meseji isiwe ya kutumika mara moja ikafa, maana atakayewahi simu ndo kapiga kura yako. Muombe siku tano au sita, kurudia ruksa, halafu siku ya mwisho ofisini kwa karatasi na kitambulisho, na hiyo ya karatasi ifute ya simu. Hiyo ndo inawaokoa wale ambao simu anashika mume, hakuna nyingine. Na ile meseji ya "asante kwa kupiga kura" kila ukirudia waizime kabisa, inamchongea mtu kwa mwenye simu, wala ukiingia tena kioo kisioneshe umeshapiga mara ngapi.

Halafu kuna mtu atasimama mkutanoni adai risiti yenye jina la mgombea ili ajue kura yake haijachakachuliwa. Hoja yake ina uzito, lakini risiti hiyo ndo anayoitafuta mnunuzi, skrinshoti moja tu WhatsApp hela inatumwa. Estonia wanakuruhusu kuikagua kura yako kwa simu ndani ya nusu saa, na hata mtu akiona haimsaidii sana kwa sababu unaweza kurudia baadaye. Bila ruhusa ya kurudia, risiti msikubali.

Wakigoma kabisa kuweka siku ya karatasi, gomeni na ya simu, mchangishane mkodi Hiace mwende ofisini wote.