Wewe wa x²+14y², usipeleke hiyo karatasi kuchapishwa!

Nimesoma swali lako tumbo likanisokota. Eti namba tasa yoyote ukiigawa kwa 56 ikabaki 1, 9, 15, 23, 25 au 39, basi ni ya x²+14y², yaani x na y ni namba nzima na jumla ndiyo hiyo namba tasa. Uandikeje uthibitisho, na Nakuru wapi wanajalidi kwa bei nafuu. Uthibitisho wa nini, ndugu yangu? Hicho kitu si kweli!

Mimi nilikichapisha kwenye tasnifu yangu. Nakala nne, jalada gumu, maandishi ya dhahabu, pale Kisumu, kwa pesa za mbuzi wa mama. Nilikuwa nimejaribu 23 (3²+14), nikajaribu 127 (1+14·9), nikaona mambo ni mteremko. Siku ya kujitetea, mhadhiri mmoja mzee hata hakufungua ukurasa wa pili. Akauliza tu: "Na 71?"

71 kwa 56 inabaki 15, sawa kabisa na 127. Toa 14·1², unabaki na 57. Toa 14·2², yaani 56, unabaki na 15. Mraba hakuna. Nikasimama pale nikitoa na kutoa kama mweka hazina wa chama aliyebanwa na wanachama. Kumbe 71 ni 2·2²+7·3², mtoto wa boma lingine. Mahafali ya mwaka ule niliyaonea kwenye status za WhatsApp. Mbuzi naye hakurudi.

Aliyeniponza ni jamaa wa kundi letu la masomo: "x²+5y² ni masalio tu, na zingine ni vivyo hivyo." Vivyo hivyo kichwa chake! Kwa 5 fomu za msingi (semi za aina ya ax²+bxy+cy² zenye b²−4ac sawa na ya x²+5y²) ni mbili, na ukiacha 2 na 5 zenyewe, kila moja ina masalio yake: x²+5y² ina 1 na 9 ukigawa kwa 20, 2x²+2xy+3y² ina 3 na 7. Kwa 14 fomu ni nne, na x²+14y² inagawana masalio yale yale na 2x²+7y². Hutazitenganisha kwa kugawa hata ukikesha. Euler, yule mwanahisabati wa zamani, alikusanya namba n 65 ambazo kwa x²+ny² masalio yanatosha, kubwa yao 1848. 14 haimo. Hata 11 haimo.

Kwa hiyo HESABU FOMU KWANZA, ndipo uguse masalio. Kwa 14 unahitaji sharti la ziada: ipatikane namba nzima z ambayo (z²+1)²−8 inagawanyika kwa hiyo namba tasa. Kwa 23, z=3 inatoa 92, yaani 4·23. Kwa 71 utatafuta mpaka kuku walale.

Kabla hujanijibu, chukua 151 na 263. Zote zinabaki 39. Niambie ni ipi ya x²+14y².