Mzabibu umeugua, je, niukate mndimu wa jirani?

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Uani kwangu hapa Shella, Malindi, nina mzabibu wa zabibu nyekundu. Kaka aliniletea kipando chake kutoka Dodoma. Sasa majani yamekuwa mekundu ila mishipa bado ni kijani, kingo zimejikunja kwa chini, na zabibu haziivi vizuri. Shinani pana unga mweupe, sisimizi wanapanda na kushuka. Mndimu wa jirani una unga huohuo. Nimwambie aukate? Na wifi yangu anataka kipando.
Msomaji, Shella

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mndimu wa watu uache. Unga huo ni wadudu, vidung'ata, na kweli ukuta hauwazuii: watoto wao ni wadogo mno, upepo huwapeperusha. Lakini dalili unazozitaja ni za virusi vya kukunja majani, ambavyo makao yake ni mizabibu, si ndimu. Kidung'ata atokaye mndimuni huja mikono mitupu. Kama mtaani hapana mzabibu mwingine, ugonjwa ulisafiri ndani ya kipando. Kaka usimgombeze, kipando chenye virusi huweza kuonekana kizima kabisa.

Hatari ya wadudu hawa ni kwa mzabibu wa pili. Kidung'ata akishafyonza utomvu wa mti mgonjwa, kisha akahamia mzima, amekwisha uambukiza. Habaki navyo zaidi ya siku chache, lakini zinatosha.

Anza na sisimizi. Wao hufuata maji matamu yanayotoka kwa vidung'ata, kwa hiyo huwafukuza wadudu ambao wangewala. Zungushia shina kitambaa, upake grisi juu ya kitambaa, si kwenye gome. Tawi linalogusa ukuta likate, la sivyo watapitia huko. Magome yaliyolegea yabandue, maana ndiko vidung'ata wanakojificha, usugue kwa brashi na maji ya sabuni.

Mti wenyewe hautapona. Dawa ya virusi vilivyo ndani ya mzabibu shambani hakuna, hata muuza dawa akuapie. Ukitaka kivuli tu, ubakishe. Ukitaka zabibu, ung'oe pamoja na mizizi yote, kwani masalio yake hukaa na virusi miaka kadhaa, na mpya uupande mbali na hapo, uliotoka kwenye miche iliyopimwa.

Wifi asipewe kipando hata kimoja. Mpe zabibu zilizoiva. Virusi hivi havimdhuru mla zabibu.