Kukulia Kijijini Hakutoshi, Mdogo Wangu

"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ruvuma. Nimekulia kijijini kama wewe na nina hadithi nyingi za utotoni. Nataka niwe mwandishi wa vitabu vya watoto. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Tangu kitabu changu cha watoto, kile cha mtoto anayeuza matunda ya plamu, kipate ithibati ya kutumika shuleni kama kitabu cha ziada, ujumbe wa namna hii naupata sana, na wengi wananiandikia kana kwamba kijiji chenyewe ndicho kipaji. Kijiji tumetoka wengi. Nusu ya abiria wa daladala yoyote hapa Dar wametoka kijijini, na kila mmoja ana bibi aliyemsimulia habari za Sungura na Fisi.

Mimi nimekulia juu kidogo ya Soni, wilaya ya Lushoto. Mwisho wa mwaka shule zikifungwa, plamu nazo zinaiva, na tulikuwa tunashuka Mombo na mama, beseni kichwani, kuuza kwenye mabasi. Basi la Arusha likisimama mnalivamia. Dirisha liko juu, kwa hiyo unachuchumia na kunyoosha mikono mpaka mbavu zinauma, abiria anapokea fungu lake, anaanza kujipapasa mfukoni bila haraka, na dereva ameshatia gia. Unakimbia na basi. Mwenye huruma anarusha noti, unaisaka kwenye mtaro. Asiye na huruma anafunga kioo.

Siku moja nilifungiwa kioo. Nikasimama pale kwenye vumbi nikaikariri namba ya basi lile, nikaapa kwamba likipita tena nitalitambua. Sikuliona tena. Kwenye kitabu nimelirudisha, na yule mtoto anamdai abiria wake mbele ya basi zima.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ushauri wangu wote umo humo. Anza na kitu kilichokuuma au kukutisha ulipokuwa na miaka minane, si kile unachokikumbuka kwa raha leo. Ukungu wa Usambara ni mzuri, lakini uzuri wake anauona mtu aliyeondoka. Mtoto wa kule anajua tu kwamba ukungu ukishuka sare haikauki. Barua yako iliyobaki, ambayo sikuinukuu hapo juu, yote inazungumzia hewa safi, mwezi na maisha ya upendo. Hayo waandikie watu wazima wenzio.

Halafu soma kwa sauti mbele ya watoto wenyewe. Wewe ni mwalimu, darasa unalo bure, sisi wengine tunaomba ruhusa. Usiwaulize kama wamependa, maana mtoto aliyelelewa vizuri atakujibu ndiyo. Tazama miguu. Wakianza kuchezea kandambili chini ya dawati, kata ukurasa huo hata kama ndiyo ulikutoa machozi. Na mafundisho ya mwishoni, "watoto, tumejifunza kwamba", yaache. Wanayasikia ya kutosha paredi.

Mhariri wa kwanza niliyempelekea mswada alitaka plamu ziwe maembe. Watoto wa Dar hawazijui plamu, akasema. Nikamjibu kwamba theluji nayo hawaijui na bado tunawasomesha. Mswada ukakaa ofisini kwao bila ndiyo wala hapana, kila nikipiga simu mhusika yuko kwenye kikao. Bado inaniuma, siwezi kudanganya. Mchapishaji mwingine aliuchukua na plamu zake, na nilipokwenda kusoma shule moja ya Mbagala, swali la kwanza lilikuwa plamu ina ladha gani. Basi usikubali kufuta kijiji chako ili kila mtu akitambue. Msomaji mdogo anafungua kitabu akitafuta asichokijua.

Na nyumbani nako wapo wahariri. Ndugu zangu walikuwa wakiniuliza lini nitaandika kitabu cha maana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoingiza hadithi za watoto wakaacha kuuliza, ingawa mimi sijaishinda.

Mambo ya kiufundi nitayapitia haraka. Kurasa zihesabu kwa 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa mafungu. Usieleze kwa maneno kile ambacho picha itaonyesha. Mchoraji mpelekee picha za kwenu, la sivyo atakuchorea nyumba ya msonge na makuti wakati kwenu ni tofali za kuchoma na bati.

Sasa fedha. Waliotutangulia waliukuta Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ukiwafundisha waandishi na kununua sehemu ya nakala zao kupeleka shuleni. Siku hizi wanunuzi utawatafuta mwenyewe, kwa hiyo mkataba usome kwa miwani. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi ni asilimia 10, lakini uliza: ya bei gani? Kitabu cha shilingi 4,000 kinakupa 400 kwa bei ya jalada, ile anayolipa msomaji. Duka likikatiwa asilimia 30 na hesabu ikaanzia hapo, ni 280. Mkigawana nusu kwa nusu na mchoraji, umebaki na 140, nauli ya kwenda kuidai ni zaidi.

Mimi mchoraji wangu nilimlipa taslimu, mara moja, kabla kitabu hakijatoka. Wapo wanaosema nilimpunja. Alikubali mwenyewe kwa maandishi, na kwenye kitabu cha pili amekuja na masharti yake, tena makali.