Glasi ionoma kwenye gego badala ya amalgamu

Ukiziba tundu la gego kwa glasi ionoma (saruji ya meno) badala ya amalgamu (mchanganyiko wa metali wenye zebaki), inadumu, mradi tundu liko upande mmoja tu, mfano juu ya gego pale pa kutafunia. Likishakula hadi ubavu unaogusana na jino jirani, glasi ionoma huvunjika mapema kuliko amalgamu. Njia ya kuitumia kwa zana za mkono bila mashine ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na imefanyiwa utafiti mwingi tangu hapo. Glasi ionoma haina zebaki, hushikana yenyewe na kalsiamu ya jino na hutoa floraidi.

Mara nyingi kinachoiharibu ni mate. Tundu lipakwe asidi ya poliakriliki ya asilimia 10 kwa sekunde 10 hadi 15, lioshwe, likaushwe kwa pamba lakini lisikauke kabisa. Unga na kimiminika chake vipimwe kama kiwanda kinavyoelekeza. Mchanganyiko ukiwa mwepesi hulika haraka. Kisha ujazwe kwenye tundu, na kidole chenye glavu na vaselini kikandamize juu. Jino hilo lisitafuniwe kwa saa 1.

Ila kama una amalgamu ya zamani na bado ni nzima, tafadhali usiitoe kwa hofu ya zebaki: kuichonga ndiko hutoa mvuke mwingi zaidi.